Sitaha

Abiria wa meli ya Karema, Ziwa Tanganyika, akisema amelala sitahani, anaeleweka: juu, wazi, kati ya magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Neno lenyewe ni la Waarabu, na kwao ni paa bapa la nyumba. Kwa hiyo sioni haja ya kuandika "uwanja wa helikopta wa manowari", kama nisomavyo magazetini. Ni sitaha, basi.

Sitaha ya helikopta mara nyingi iko tezini. Kabla helikopta haijatua, mabaharia huipita yote wakiokota hata kizibo cha chupa, maana kitu kilicholegea huweza kuvutwa na injini. Nahodha hutafuta mwelekeo unaofaa kwa upepo, wazima moto husimama tayari, rubani husubiri ruhusa. Ikishatua, hufungwa kwa minyororo au mikanda, isije ikateleza meli inapoyumba.

Ziwa Tanganyika liliona ndege za vita mapema. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilishambulia Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ndiyo Liemba ya leo. Hizo hazikuhitaji sitaha. Zilikuwa na maboya miguuni, zikiruka na kutua majini.