Wati-saa: swali la kwanza kabla ya kununua au kuunda baiskeli ya umeme

Muuza baiskeli za umeme atakutajia volti, kisha atakutajia wati. Volti 48, mota wati 500, inapanda mlima bila kuhema. Huenda yote ni kweli. Bado hujaambiwa kama baiskeli hiyo itakufikisha kazini na kukurudisha nyumbani kabla chaji haijakata, na ukiuliza utasomewa kilomita zilizochapishwa kwenye boksi. Kipimo kinachojibu swali hilo kina jina lake: wati-saa.

Nalieleza neno hili kwa sababu linakosekana katika mjadala unaozidi kusikika mijini kwetu: je, ninunue baiskeli ya umeme iliyotoka kiwandani, au nifunge mota na betri kwenye baiskeli niliyo nayo? Watu hubishana kuhusu bei na kuhusu ukubwa wa mota. Lakini betri ndiyo sehemu inayokula fedha nyingi katika baiskeli hizi, ndiyo inayochoka mapema, na ndiyo yenye hatari. Asiyejua kuipima betri hana njia ya kulinganisha baiskeli ya dukani na ile atakayoiunda kwa fundi wa mtaani.

Tuanze na wati. Hiki ni kipimo cha nguvu, yaani kasi ya kutoa au kutumia nishati. Kimepewa jina la James Watt, Mskoti aliyeiboresha injini ya mvuke katika karne ya 18, na aliyependekeza jina hilo mwaka 1882 ni mhandisi William Siemens. Mtu mwenye afya anayeendesha baiskeli bila haraka hutoa kama wati 75 hadi 100. Mota ya wati 250 ikifanya kazi kwa nguvu hiyo saa nzima, itakuwa imetoa wati-saa 250. Ikifanya nusu saa, wati-saa 125. Wati zinazidishwa kwa muda, na jibu ni nishati, ile akiba iliyomo ndani ya betri.

Nguvu na nishati ni vitu viwili, ingawa barabarani tunavichanganya. Mtu akisema "betri hii ina nguvu" huwezi kujua kama anasifu jinsi inavyosukuma au jinsi inavyodumu. Fundi akitamka wati anazungumzia msukumo, na akitamka wati-saa anazungumzia umbali. Lugha inayotenganisha haya mawili humlinda mnunuzi.

Hapa Kiswahili chetu cha magazetini na redioni huteleza. Mara nyingi utakuta "kilowati kwa saa" pale mwandishi alipokusudia kilowati-saa. Neno "kwa" likikaa kati ya vipimo vya aina mbili lina kazi inayoeleweka na kila mtu: kugawanya. Kilomita 40 kwa saa, shilingi elfu tatu kwa kilo. Kilowati kwa saa maana yake ni nguvu inayobadilika kadiri saa zinavyopita, na mita ya umeme nyumbani kwako haipimi kitu kama hicho. Mfano wa kuzidisha tunao kwenye malipo ya ujenzi: mafundi watatu wakifanya kazi siku nne, mwenye nyumba hulipa siku 12 za kazi. Hakuna anayesema "mafundi watatu kwa siku" akiwa na maana ya deni hilo. Wati-saa imeundwa hivyo hivyo, vitu viwili vilivyozidishwa vikawa kipimo kimoja.

Wapo wanaosema "saa za wati". Inaeleweka, lakini inampeleka msikilizaji kwenye muda, kama tunavyosema saa za kazi au saa za kulala. Wengine huandika wati saa bila kistari, na hapo "wati saa 500" inaweza kusomwa kana kwamba ni wati fulani kwa saa mia tano. Mimi nasimama na kistari: wati-saa, kilowati-saa, na kwa mtindo huo huo ampea-saa. Maneno yenyewe ni ya kukopa, lakini yamekwisha kuvaa sauti zetu na yanakubali sarufi yetu bila tabu: wati-saa zimebaki mia mbili, wati-saa zote zimekwisha.

Na msomaji asidhani ni kitu kigeni. Uniti moja ya umeme wa LUKU nchini Tanzania ni kilowati-saa moja, yaani wati-saa 1,000. Mkenya anayenunua tokeni naye hupewa uniti zile zile. Betri ya baiskeli yenye wati-saa 500 hujazwa kwa nusu uniti na ziada kidogo, kwa kuwa chaja hupoteza sehemu ya umeme kama joto. Mama anayejua friji yake inakula uniti ngapi kwa wiki anao ujuzi wote unaohitajika kununua baiskeli ya umeme.

Betri nyingi huandikwa volti na ampea-saa bila wati-saa. Zidisha. Betri ya volti 36 yenye ampea-saa 14 ina wati-saa 504. Ya volti 48 yenye ampea-saa 10.4 ina wati-saa 499. Muuzaji atakwambia ya 48 ni kubwa, na bei yake itakuwa juu, lakini akiba iliyomo ni ile ile. Volti nyingi humsaidia anayetaka mwendo, kwa kuwa mota ile ile huzunguka kasi zaidi. Haziongezi umbali.

Sasa tuupime umbali. Kwenye barabara tambarare, anayekanyaga pedali kwa dhati na kuiacha mota isaidie hutumia kama wati-saa 8 hadi 12 kwa kilomita. Anayevuta eksileta tu na kupumzisha miguu hufika 20 au kupita, hasa akikimbia, maana upinzani wa hewa hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe. Mtu anayekaa kilomita 12 kutoka kazini, kwenda na kurudi ni 24. Akikanyaga atahitaji takriban wati-saa 290 kwa siku, asipokanyaga 480. Weka akiba kwa ajili ya mlima, mzigo, upepo, na kwa sababu betri hupungua uwezo kadiri miaka inavyopita. Anayekanyaga atatosheka na betri ya wati-saa 400, asiyekanyaga asikubali chini ya 600. Hesabu hii ifanywe kabla ya kuingia dukani au kwa fundi.

Baiskeli ya kiwandani hukupa kitu kimoja ambacho ni vigumu kukipata kwingine: betri, chaja na kidhibiti cha mota vilivyopimwa pamoja. Ulaya baiskeli hizi hufuata kiwango cha EN 15194, mota isizidi wati 250 na msaada wake ukate kwenye kilomita 25 kwa saa. Jiji la New York, baada ya mfululizo wa moto uliosababishwa na betri, lilipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka kila baiskeli ya umeme inayouzwa humo iwe imethibitishwa kwa kiwango cha UL 2849. Ukiona alama hizo kwenye baiskeli, na si kwenye maneno ya muuzaji, umelipia usalama halisi.

Ubaya wa baiskeli ya kiwandani utauona siku betri inapochoka. Betri nyingi za kiwandani zina umbo na soketi za mtengenezaji mwenyewe, na baadhi ya vidhibiti havikubali betri ya mwingine hata volti zikilingana. Kama mtengenezaji hana wakala Mwanza wala Mombasa, umebaki na baiskeli ya kilo 25 ya kukanyaga kwa miguu. Muulize muuzaji akuoneshe betri ya akiba iliyopo stoo leo. Asipokuwa nayo leo, usitegemee kuikuta baadaye.

Angalia pia betri za asidi na risasi, zinazofungwa kwenye baiskeli za bei ya chini. Betri nne za volti 12 na ampea-saa 12 huleta wati-saa 576 kwenye karatasi, na uzito wa kama kilo 16, wakati betri ya lithiamu ya kiasi hicho haifiki kilo 5. Tena ukizivuta kwa nguvu hazitoi zote zilizoandikwa, na ukizimaliza kila siku hufa mapema.

Anayeunda yake ana uhuru mkubwa zaidi, lakini awe na futi mkononi. Chukua ile baiskeli nyeusi ya chuma tunayoijua sote, Phoenix na za aina yake, zenye breki za vyuma. Fremu na foko yake ni imara, na hilo ni jema. Gurudumu lake huitwa inchi 28. Seti nyingi za mota, zinazokuja na mota ikiwa tayari katikati ya gurudumu, nazo huandikwa inchi 28, lakini ni inchi 28 nyingine. Pale tairi linapokaa, ringi ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635, na ringi ya seti, ile inayoitwa pia 700C, ina milimita 622. Breki za vyuma huvuta raba hadi zigandamize upande wa ndani wa ringi, na ringi ya seti haina umbo la kuzipokea. Ukiifunga mbele hivyo hivyo utakuwa umeongeza mwendo na kupoteza breki ya mbele kwa pamoja. Fundi atakwambia ataihamishia mota kwenye ringi yako ya zamani. Ahesabu matundu kwanza: mota nyingi zina matundu ya spoki 36, na ringi hizi kwa kawaida zina 32 mbele na 40 nyuma. Njia rahisi zaidi ni kutafuta baiskeli ya mtumba ya inchi 26 yenye breki za waya, na seti ya inchi 26. Hizo mara nyingi hukubaliana.

Kuna pia ekseli. Ekseli ya mota imechongwa bapa pande mbili ili ikae kwenye mdomo wa foko bila kuzunguka. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli nayo husukumwa kinyume kwa nguvu hiyo hiyo, siku baada ya siku. Foko ya alumini inaweza kupasuka mdomo, ekseli ikazunguka, waya zikakatika na gurudumu likachomoka ukiwa barabarani. Dawa yake ni bamba la chuma linaloishika ekseli na kufungwa kwenye mguu wa foko. Fundi wa kuchomelea analichonga kwa muda mfupi, na mimi singepanda baiskeli ya namna hii isiyo nalo.

Mambo hayo yote yanawezekana karakanani. Betri haiwezekani, na hapa sina maneno ya kati. Vijana wengi wenye vipaji hukusanya seli za kompyuta za zamani, zile zenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, wakaziunga kuwa betri ya baiskeli. Betri ya volti 48 ina mafungu 13 ya seli yaliyofuatana. Fungu dhaifu huisha chaji kabla ya mengine, na wakati wa kuchaji ndilo la kwanza kujaa. Seli ya lithiamu ya kawaida haipaswi kupita volti 4.2. Ikisukumwa kupita hapo hupata joto, na ikishika moto huzichoma jirani zake moja baada ya nyingine. Saketi ya ulinzi, ambayo mafundi huiita BMS, hukata umeme kabla ya hapo, lakini haiwezi kujua seli iliyookotwa imepita mikono gani na imeumia wapi ndani. Sheria nyingine ya New York ya mwaka huo huo wa 2023 inakataza hata kuunda betri kwa seli zilizotolewa katika betri zilizotumika. Nyumba zetu nyingi zina mlango mmoja na madirisha ya nondo. Betri huchajiwa usiku, ndani, watoto wakiwa wamelala.

Wanaotegemea ndugu aliyeko Dubai au Guangzhou wajue kuwa wati-saa ndizo zinazoamua hata uwanja wa ndege. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100, na mpaka 160 kwa kibali cha shirika la ndege. Betri ya baiskeli yenye wati-saa 400 haipandi ndege ya abiria, iwe mkononi au kwenye begi. Mota na kidhibiti vinaweza kuja kwenye sanduku. Betri ije kwa meli au inunuliwe hapa. Na chaja inayotoka Marekani isomwe kibandiko chake: kama haikuandikwa kuwa inapokea volti 100 hadi 240, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye baiskeli nzuri, fundi anayemwamini na safari inayojulikana, aunde yake, lakini betri anunue iliyofungwa kiwandani na yenye saketi ya ulinzi. Asiye na fundi, au atakayebebea watoto, anunue baiskeli kamili kwa mwenye betri za akiba stoo. Wote wawili wamtake muuzaji aandike kwenye risiti, kwa kalamu yake: betri hii ina wati-saa ngapi, na imehakikishwa kwa muda gani. Na wahariri wanaopitisha habari za umeme, tafadhali liondoeni lile "kwa".