Wastani wa Gharama ya Hisa katika Soko la Nairobi

Soko la Hisa la Nairobi liliposajiliwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali, biashara yake ilikuwa ya Wazungu wakazi peke yao, kwani Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua hisa mpaka baada ya uhuru wa 1963. Kwa sababu hiyo, ujuzi wa kukokotoa gharama ya hisa, yaani kiasi hasa alichotoa mwenye mali kwa kila hisa aliyo nayo, ulibaki kwa muda mrefu katika vitabu vya watu wachache. Hata vizuizi vilipoondolewa, mnunuzi alipewa cheti cha karatasi kwa kila fungu alilonunua, pamoja na hati ya dalali iliyotaja bei na kamisheni. Mafungu yalikaa mbalimbali, hivi kwamba aliyetaka kuuza aliweza kuchagua cheti cha kupeleka sokoni na kujua faida ya fungu lile bila kulichanganya na mengine.

Utaratibu huo ulianza kutoweka Novemba 2004, hifadhi kuu ya hisa ijulikanayo kwa kifupi kama CDSC ilipoanza kazi na vyeti vikaanza kugeuzwa kuwa maandishi ya kielektroniki katika akaunti. Ndani ya akaunti hisa zote za kampuni moja hukaa pamoja na hazitofautiani kwa lolote, hata zikiwa zilinunuliwa kwa miaka na bei tofauti. Mabadiliko haya, ambayo kwa kawaida husifiwa kwa kuharakisha mauzo tu, yalikuwa na matokeo makubwa zaidi katika hesabu: kwa kuwa hisa moja haikuweza tena kutenganishwa na mwenzake, gharama iliyobaki na maana kwa mwenye hisa wa kawaida ilikuwa wastani wa fungu lote.

Umuhimu wa wastani huo ulidhihirika kwa umma mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipouza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom, sawa na asilimia 25 ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja, na kiwango cha chini cha maombi kikiwa hisa 2,000. Walioomba walikuwa wengi mno, wakiwemo waliokopa benki, na maombi yakapita hisa zilizokuwapo mara kadhaa. Hisa ziliingia sokoni Juni 9, 2008 na kuuzwa kwa zaidi ya shilingi 7, lakini msukosuko wa fedha ulimwenguni ulipoongezeka bei ilianguka, na mwanzoni mwa 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Hapo wengi walinunua tena ili kushusha wastani wao.

Hesabu yenyewe si ngumu, ingawa hukosewa mara nyingi. Aliyepata hisa 2,000 kwa shilingi 5 alitoa shilingi 10,000, na akiongeza hisa 3,000 kwa shilingi 3 hutoa shilingi 9,000 nyingine. Jumla ya shilingi 19,000 ikigawanywa kwa hisa 5,000 hutoa wastani wa shilingi 3.80, wala si shilingi 4 kama anavyodhani anayejumlisha bei mbili na kugawanya kwa mbili, akisahau kwamba mafungu hayakuwa sawa. Kamisheni na ada za ununuzi huongezwa katika jumla kabla ya kugawanya. Akiuza hisa 1,000, gharama ya hisa 4,000 zinazosalia inakuwa shilingi 15,200, na wastani haubadiliki. Kushuka kwa wastani, ni lazima isisitizwe, hakurudishi hasara. Hupunguza tu bei ambayo soko linapaswa kuifikia, huku fedha zaidi zikiwa zimewekwa katika kampuni ileile.

Ugumu mwingine uliletwa na kampuni zilizogawanya hisa zao, kama KCB mwaka 2007 na benki ya Equity mwaka 2009, ambapo kila hisa moja iligeuka kuwa kumi: gharama ya jumla ilibaki ileile, lakini wastani ulipaswa kugawanywa kwa kumi, na asiyefanya hivyo alijiona amepoteza sehemu tisa kati ya kumi za mali yake.

Kodi, ambayo katika nchi nyingine ndiyo iliyowalazimisha watu kutunza hesabu hizi, nchini Kenya haikufanya kazi hiyo kwa muda wa kutosha. Kodi ya faida ya mtaji, inayotozwa juu ya tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama ya kununulia, ilianzishwa mwaka 1975, ikasimamishwa mwaka 1985, na kurejeshwa Januari 2015 kwa asilimia 5. Madalali waliipinga hadi mahakamani, kwani kuitoza kulihitaji gharama za hisa zilizonunuliwa miongo iliyopita, nyingine kupitia madalali waliokwisha kufunga biashara. Sheria ya Fedha ya 2015 iliziondolea kodi hiyo hisa zilizoorodheshwa sokoni kuanzia 2016, na kiwango kilipopandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2023 hazikuguswa, hivyo kazi ya kukokotoa wastani ikabaki kwa mwenye hisa na hati zake.