Milango ya Moyo: Historia Tuliyolazimika Kujifunza



Katika kitabu hiki mtasoma habari za hisa, mikopo, faini na mgao. Sisi tuliopewa kurasa hizi tumeona tuandike historia ya namna nyingine kidogo, yaani historia ya valvu za moyo. Msishangae. Katika mwaka wa tano wa kikundi, mwenzetu mmoja aliambiwa valvu yake imeharibika na lazima ibadilishwe. Swali la "aweke ipi?" lilitukalisha mkekani majuma matatu. Yeye mwenyewe ameturuhusu tuandike, ila jina tuliache pembeni.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo una vyumba vinne na valvu nne, na kila valvu ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, mlango unajifunga isirudi nyuma. Mwenzetu aliharibikiwa na mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto. Ulikuwa umekakamaa, haufunguki vizuri wala haufungi. Ndiyo maana akipanda kilima na ndoo alikuwa anahema kama aliyekimbia, na usiku akilala chali pumzi inakata. Sisi tulidhani ni uchovu wa kazi. Wengine, tukiri tu, tulisema kalogwa.

Daktari alituambia chanzo chake kilianza utotoni. Mtoto anaumwa koo kwa vijidudu fulani, hatibiwi ipasavyo, na kwa baadhi ya watoto mwili unapopigana na vijidudu hivyo unaugeukia moyo wake wenyewe. Viungo vinavimba na kuuma, kisha vinapoa. Valvu haipoi. Inaendelea kuharibika kimyakimya hadi ukubwani. Ugonjwa huu umepungua sana katika nchi tajiri, lakini kwetu Afrika bado upo, na mwaka 2018 Mkutano wa Afya wa Dunia ulipitisha azimio la kupambana nao.

Sasa tiba. Mwaka 1925 huko London, daktari Henry Souttar aliingiza kidole ndani ya moyo wa msichana mmoja ili aupanue mlango uliobana. Msichana alipona. Lakini madaktari wenzake hawakumletea mgonjwa mwingine wa namna hiyo. Waliona moyo si kitu cha kuguswa. Zikapita zaidi ya miaka ishirini, hadi 1948, ndipo madaktari wa Marekani na Uingereza waliporudia kazi hiyo. Mwaka 1953 daktari John Gibbon wa Philadelphia alifanikiwa kutumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda, na moyo ukaweza kufunguliwa na kushonwa kwa utulivu.

Mwaka 1960 ndio mwaka mkubwa. Mwezi wa Machi, huko Bethesda, Marekani, daktari mwanamke, Nina Braunwald, alibadilisha valvu ya moyo kwa kutumia valvu aliyoibuni mwenyewe. Akina mama, hapo mkekani tulipiga vigelegele! Mwaka ule ule, huko Oregon, daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards waliweka valvu ya kijipira kinachopanda na kushuka ndani ya kizimba. Mgonjwa wao wa kwanza alifariki muda mfupi baadaye. Wa pili aliishi miaka mingi.

Hiyo ndiyo asili ya valvu ambazo watu huziita "za chuma". Za siku hizi nyingi zina vibao viwili vidogo vya kaboni ngumu. Zinadumu sana, ila zina deni lake: damu hupenda kuganda juu ya kitu kigeni, na bonge likichomoka likaenda kichwani, mtu anapooza. Kwa hiyo mwenye valvu hiyo anameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, iitwayo warfarini. Historia ya dawa hii nayo ni ya ajabu. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Marekani na Kanada walitokwa damu bila kukoma baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Wataalamu wakaitafuta sumu iliyomo, na kutokana nayo ikatengenezwa warfarini. Kwanza iliuzwa kama sumu ya panya, mwaka 1948. Ilipofika 1954 ikaruhusiwa kutumiwa na binadamu. Ikizidi, unatokwa damu. Ikipungua, damu inaganda. Lazima damu ipimwe mara kwa mara. Na kwa mama mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Zipo dawa mpya zaidi, lakini moja ilipojaribiwa kwa watu wenye valvu za aina hii, matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha haiwafai.

Njia ya pili ni valvu ya mnyama. Mwaka 1965 huko Paris, daktari Alain Carpentier na wenzake walianza kutumia valvu za nguruwe. Mwaka 1971 huko Leeds, Uingereza, Marian Ionescu alianza kutumia zilizotengenezwa kwa ngozi laini inayozunguka moyo wa ng'ombe. Wenzetu Waislamu waliposikia nguruwe waliguna, na daktari akawaeleza hiyo ya ng'ombe. Valvu ya mnyama kwa kawaida haihitaji warfarini ya maisha. Deni lake ni kuchakaa. Kwa mzee huweza kutosha, lakini kwa kijana huchakaa upesi zaidi, na pengine baada ya miaka kumi au kumi na mitano kifua kinafunguliwa tena.

Tuliuliza kama kuna njia ya mkato. Ipo ya kupanua valvu kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa, aliyoianzisha Kanji Inoue wa Japani katika miaka ya 1980. Daktari akasema ni kwa valvu iliyobana tu. Ya mwenzetu inavuja pia. Kuikarabati? Ilikuwa imekakamaa mno.

Ndipo ubishi ukaanza. Wengi wetu tulitaka ya ng'ombe. Mweka hazina alisema wazi: "Dawa ya kila siku na nauli ya kliniki, nani atalipa?" Mwenyekiti akamjibu: "Na upasuaji wa pili, huo nani atalipa?" Tukanyamaza. Mwenzetu alikuwa na miaka thelathini na sita na watoto wanne. Akasema, "Jamani, mimi kuzaa nimemaliza. Kufunguliwa kifua mara mbili siwezi. Kidonge nitameza." Angekuwa binti ambaye hajazaa, pengine angechagua vingine, na asingekuwa amekosea.

Upasuaji ulifanyika hapa hapa nchini. Zamani wagonjwa wengi walipelekwa India; upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza mwaka 2015. Alirudi, na hadi leo ukikaa karibu naye pakiwa kimya unasikia valvu ikigonga kama saa ya mkononi.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka uliofuata alijiona mzima, akaruka kliniki miezi miwili. Alipopimwa, dawa ilikuwa haimtoshi kabisa. Tulitetemeka. Tukapitisha uamuzi: nauli yake itoke mfuko wa jamii, na kila tarehe ya kliniki mwanachama mmoja amsindikize. Mboga za majani anakula, ila kwa kiasi kile kile, maana zikizidi ghafla dawa inapungua nguvu. Na akienda kung'oa jino, anamweleza daktari kwanza.

Tulichojifunza ni hiki. Tangu kidole cha mwaka 1925 hadi kaboni ya leo, hakuna aliyewahi kutengeneza valvu isiyo na deni. Mgonjwa anachagua deni atakaloweza kulilipa, na sisi wa kuweka na kukopa tunajua deni hubebeka kwa wadhamini. Yeye alichagua. Sisi tulidhamini.

Mtoto akilia koo na homa, akina mama, tusimpe majani ya chai tukalala. Apelekwe zahanati, na akipewa dawa amalize dozi.

Umoja wetu udumu.