Neema na Kanuni Kando ya Ziwa

Mwanzoni mwa 1934 Elam Stauffer, mmishenari wa Kimennonite kutoka Lancaster, Pennsylvania, alifika Mwanza akitafuta pa kuanzia kazi. Emil Sywulka wa Africa Inland Mission alimwelekeza mashariki ya ziwa, na mwaka huohuo kituo cha kwanza kikaanzishwa Shirati, karibu na mpaka wa Kenya.

Injili ilikuja pamoja na kanuni. Mwanamke afunike kichwa. Mavazi yasiwe na mapambo. Mwenye wake wengi asibatizwe. Kanuni zilishikika. Lakini mtu aweza kuvaa kama alivyoagizwa huku moyoni amemkunjia jirani yake ngumi.

Swali la kama kuishika kanuni kunatosha lilikuwa la zamani. Mwaka 1637, katika koloni la Massachusetts, Anne Hutchinson alihukumiwa kufukuzwa kwa kusema kuwa wachungaji wengi walihubiri matendo mahali pa neema. Kwetu lililetwa na walokole, watu wa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda. Mwaka 1941, katika chuo cha wachungaji cha Mukono, wanafunzi 26, William Nagenda akiwamo, walifukuzwa kwa kukataa kuacha mikutano yao ya sala ya alfajiri. Mkuu wa chuo aliona uasi. Wao waliona dhamiri.

Mwaka uliofuata moto wa uamsho ulifika Shirati. Watu walisimama mbele ya wenzao wakataja wizi, uzinzi na chuki, wakarudisha walichochukua. Wamishenari nao walipiga magoti wakaungama kiburi chao mbele ya Waafrika waliokuwa wakiwafundisha. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye uzito wa habari hii. Kanuni za mavazi hazikuwahi kumfanya mzungu amwombe radhi mwanafunzi wake. Walokole hawakuidharau sheria ya Mungu, maana mwizi aliyetubu alirudisha mali. Walichokataa ni kudhani kwamba kuishika kunatosha.

Hata hivyo neema nayo iligeuka kipimo. Upande wa Nyanza, Kenya, waliookoka waliitwa Joremo, watu wa damu, na wapo waliomhesabu asiyetoa ushuhuda kama wao kuwa hajaokoka. Mchungaji Matthew Ajuoga na wenzake, Johera, watu wa upendo, walichoka kuhukumiwa mioyo. Mwaka 1957 walitoka katika Kanisa la Anglikana wakaunda Kanisa la Kristo katika Afrika. Waliobaki ndani ni walokole, waliowahi kuitwa waasi.

Shirati hapakuwa na mgawanyiko wa namna hiyo. Askofu Stauffer mwenyewe aliuunga mkono uamsho. Na mwaka 1967 Zedekia Kisare, Mluo aliyeguswa na uamsho huo, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania.