Marafiki wa Uwanda wa Kinangop: Wakulima Walinzi wa Nyasi

Kinangop ni uwanda wa baridi katika Kaunti ya Nyandarua, kati ya safu za Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya meta 2,400 juu ya usawa wa bahari. Wamaasai walilisha mifugo huko hadi Mkataba wa 1904 ulipowaondoa na ardhi ikaangukia mikononi mwa walowezi. Katika miaka ya 1960 mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa, na familia nyingi zilizokuwa hazina ardhi zikapata pa kuishi.

Katika nyasi hizo anaishi ndege wa kahawia mwenye kifua cha njano na ukucha mrefu wa nyuma. Frederick Jackson alimwelezea kisayansi kwa jina Macronyx sharpei mwaka ule ule wa 1904. Miaka mitano baadaye Jackson alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, ambacho leo kinajulikana kama Nature Kenya. Ndege huyu hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Hujenga kiota chake chini, kwenye mashina ya nyasi zilizoota kwa mashungi. Plau inapopita, au mikaratusi inapopandwa, hana pa kuhamia.

Miaka ya 1990, watafiti wa Makumbusho ya Taifa walipoanza kumchunguza, wenyeji waliungana na kuunda kikundi cha Friends of Kinangop Plateau, yaani Marafiki wa Uwanda wa Kinangop. Wengi wao walikuwa wakulima. Nature Kenya iliwapa mafunzo, nao wakaifanya kazi iwe yao: kuomba ruhusa kwa mwenye shamba, kutembea mbugani kwa mpangilio, kuhesabu ndege wanaoruka, na kuandika hali ya nyasi, mahali zilipolimwa na mahali zilipobaki. Mwaka 1999 Kinangop iliorodheshwa miongoni mwa maeneo 60 muhimu kwa ndege nchini Kenya. Mwaka 2002 utafiti wa Muchane Muchai na wenzake ulichapishwa na kuonyesha jinsi ndege huyu anavyoyategemea mashungi yale.

Ugumu wa Kinangop ni kwamba haina ua wala askari wa wanyamapori. Kila kipande cha nyasi kina mwenyewe, na mwenyewe ana karo ya kulipa na viazi vya kupeleka sokoni.  Marafiki walijua kwamba nyasi zitabaki pale tu zitakapomlisha aliyezihifadhi. Ndiyo maana walihimiza ufugaji wa kondoo, na huko Njabini sufu ikasokotwa na kufumwa kuwa bidhaa za kuuza. Kondoo anahitaji malisho, na malisho hayo ndiyo makao ya ndege. Nature Kenya nayo ilinunua vipande vya ardhi ili nyasi zipate mahali pasipoguswa na jembe.

Ndege huyu bado yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka, na mashamba yanazidi kugawanywa kila baba anapowarithisha wanawe. Hata hivyo kikundi hiki kimetimiza jambo ambalo sheria peke yake isingeliweza. Mbuga iliyohesabiwa kuwa ardhi isiyotumika sasa ina kumbukumbu zake, zilizoandikwa na watu wanaoijua kwa miguu yao. Mkulima wa Kinangop anaweza kuelekeza kwa kidole mahali ndege adimu wa dunia anapotaga, na kulitaja jina lake kwa fahari.

Heshima inayowafaa waanzilishi hawa ni warithi. Shule za Nyandarua ziwapeleke wanafunzi kutembea nao, kaunti izitumie takwimu zao inapopanga matumizi ya ardhi, na soko liwalipe vizuri wafumaji wa sufu. Familia ikipata riziki kutokana na nyasi, haitakuwa na sababu ya kuzilima.