Ukumbi wa Richardson

Kuna ukurasa mmoja ambao kwangu ni fasihi tupu, ingawa umo ndani ya kitabu cha hesabu. Lewis Fry Richardson, Mwingereza, alikichapisha mwaka 1922 kueleza namna ya kutabiri hali ya hewa kwa kupiga hesabu. Hapo anatuambia tuwaze ukumbi mkubwa kama wa maigizo, kuta zake zimechorwa ramani ya dunia. Wamekaa watu 64,000. Kila mmoja ameshika kipande kidogo cha hesabu ya eneo lake, na majibu yanawekwa kwenye vibao ili majirani wasome, maana upepo ulio kwangu sasa hivi baadaye utakuwa kwako. Katikati, juu ya nguzo, msimamizi anawamulika taa waliotangulia na waliochelewa ili wote waende sawa. Watu hao anawaita kompyuta. Enzi hizo kompyuta ilikuwa kazi ya mtu, kama karani.

Mwenyewe alishajaribu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Ufaransa akiendesha gari la wagonjwa, kwa kuwa imani yake ya Quaker haikumruhusu kushika bunduki. Ofisi yake ilikuwa rundo la majani makavu. Hapo akapiga hesabu ya saa 6 tu za hali ya hewa ya Ulaya ya kati, siku ya tarehe 20 Mei 1910, na ikamla karibu wiki 6. Jibu likatoka la ajabu: mgandamizo wa hewa upande kwa milibari 145, wakati siku yenyewe haukubadilika kwa lolote la maana. Mswada nao ukapotea vitani mwaka 1917, ukaja kuonekana Ubelgiji chini ya makaa ya mawe. Akauchapisha na jibu lile lile baya. Ndiyo maana nampenda.

Sasa ukumbi wake upo, na kwa kiasi kikubwa waliougharamia ni wacheza gemu. Skrini ya gemu ina mamilioni ya vidoti, na kila kimoja kinadai hesabu yake ya rangi, tena mara nyingi kwa sekunde. Prosesa ya kawaida ni kama mafundi hodari wachache; GPU, yaani prosesa ya picha, ni maelfu ya vibarua wanaopiga hesabu ya aina moja kwa pamoja. Mwaka 2007 NVIDIA ilitoa CUDA, na vibarua wakaanza kupewa kwa urahisi kazi zisizo za picha. Anga nalo, ukiligawa miraba, ni vidoti vilevile.

Mwaka 2016 MeteoSwiss, idara ya hali ya hewa ya Uswisi, ilianza kutoa utabiri kwa GPU, kwenye mashine iitwayo Piz Kesch. Miraba ikashuka kutoka kilomita 2.2 hadi 1.1. Usidharau: ni miraba 4 palipokuwa na 1, na hatua za muda fupi mara 2, yaani kazi mara 8. Kwenye Alps, mraba mpana humeza bonde zima. Ila ilibidi sehemu kubwa ya programu yao, COSMO, iandikwe upya, shughuli ya miaka, na hao waandishi hatuwasikii kabisa.

Mwaka 2018 Marekani nayo ilizindua Sierra huko Livermore, California, yenye maelfu ya GPU. Kazi yake ilikuwa hesabu za silaha za nyuklia. Richardson aliacha kazi katika idara ya hali ya hewa ya Uingereza mwaka 1920, ilipowekwa chini ya wizara ya jeshi la anga. Baadaye akahamishia hesabu zake kwenye swali la kwa nini mataifa hupigana.