Miraba Mitatu Kwenye Kadi Yangu

Mwaka jana nilichapisha kadi 200 za biashara zenye msimbo wa QR. Miezi michache baadaye, kila aliyeuskani aliletewa ukurasa wa kusema usajili umekwisha. Kumbe ndani ya msimbo hamkuwa na namba yangu. Mlikuwa na anwani ya tovuti iliyonitengenezea "bure". Nikaamua kusoma historia nijue nilipokosea.

Tuanze Japani, 1994. Masahiro Hara alikuwa mhandisi wa Denso, kampuni ya vipuri vya magari katika kundi la Toyota. Kiwandani walitumia msimbopau, ambao ulibeba herufi kama 20 tu, hivyo sanduku moja lilibandikwa misimbo kadhaa na wafanyakazi wakachoka kuiskani mmoja mmoja. Hara na mwenzake wakapanga data kwa ulalo na kwa wima. Miraba mitatu ya pembeni inaionyesha mashine msimbo ulipo na umegeukia wapi. Msimbo mmoja unaweza kubeba hadi herufi 4,296, na ukiundwa kwa kiwango cha juu cha kujisahihisha, unasomeka hata takriban asilimia 30 ikiharibika. Hataza walikuwa nayo, lakini hawakudai ada. Mwaka 2000 ukawa kiwango cha ISO.

Miaka hiyo hiyo, Apple, AT&T, IBM na Siemens walikuwa wameungana katika kundi lililoitwa Versit, wakabuni vCard. Hii ni maandishi matupu: mstari wa FN ni jina, TEL ni simu, EMAIL ni barua pepe. Toleo la 2.1 lilitoka 1996, la 3.0 likawa RFC 2426 mwaka 1998, na la 4.0 likaja 2011. Waliowahi kurushiana namba kwa infraredi, simu mbili zikitazamana mezani, waliitumia bila kujua.

Hakuna aliyebuni kimoja kwa ajili ya kingine. Vilikutana kwa sababu vyote viliachwa wazi: Japani simu zilianza kusoma QR mwaka 2002, na iPhone ikaanza kuisoma kwa kamera yake yenyewe 2017.

Sasa kosa langu mnaliona. Msimbo wa QR hauna tarehe ya kuisha. Kinachoisha ni kiungo cha mtu wa kati.

Jaribu hivi: zima data, kisha skani kadi yako. Jina na namba zikitokea, kadi ni yako. Kikitokea kiungo tu, umepanga nyumba ya mtu.

Kuna gharama pia. Ukibadilisha namba, itabidi uchapishe upya. Na ukijaza mengi, nukta zinasongamana na kamera inahangaika. Mimi niliweka jina, simu na barua pepe, basi. Zile 200 nimezigeuza karatasi za kuandikia orodha ya sokoni.

Kwa leo ni hayo.